Mstari wa manjano ulioshindwa kuzima nganya

Zaidi ya miaka 20 imepita tangu Februari 1, 2004, siku ambayo matatu zote za Kenya zilitakiwa kuwa na sura moja. Anayeikumbuka siku hiyo huikumbuka kwa mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, na ana haki, kwa sababu hivyo vilihusu uhai wa watu. Lakini ilikuwa na upande wa pili ambao unapaswa kumgusa kila mfanyabiashara, awe na kibanda cha chipsi au ofisi ya mauzo ghorofani. Serikali iliwaambia maelfu ya washindani wanaouza kitu kilekile, kwa bei ileile, katika barabara ileile, kwamba hakuna ruhusa tena ya kujipamba ili mteja akuone wewe kwanza.

Chukua njia ya 58 ya Buruburu, huko Eastlands, Nairobi. Gari la mbele lina viti sawa na la nyuma yake, nauli hupanda na kushuka pamoja, na msongamano wa Jogoo Road haumjali tajiri wala maskini. Kwa nini basi abiria aliache lililo mbele yake, lina nafasi na liko tayari kuondoka, asimame dakika 20 akingoja jingine? Vijana wa Eastlands walilijibu swali hilo kwa rangi na spika, na wengi wao hawakuwahi kuisomea elimu ya masoko popote.

Mwanzo wa matatu unajulikana. Kati ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, vigari vikuukuu kama Ford Thames vilianza kubeba wakazi wa mitaa ambayo mabasi ya Kenya Bus Service, kampuni iliyokuwapo tangu 1934, hayakuihudumia vya kutosha. Nauli ilikuwa senti 30, na jina likatokana na zile sarafu tatu za senti kumi kumi. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliziruhusu zifanye kazi bila leseni ya magari ya umma. Mwaka 1984 sheria ikazitambua na kuzidai leseni hiyo.

Mwanahistoria Kenda Mutongi, katika kitabu chake Matatu: A History of Popular Transportation in Nairobi cha mwaka 2017, anasisitiza jambo ambalo sisi abiria tuliokanyagwa miguu na kurushiwa matusi huwa tunalisahau: hii ni biashara iliyojengwa na Wakenya wenyewe, kwa mtaji wao, bila mfadhili wa kigeni wala mkono wa serikali. Ukikubaliana naye, na mimi nakubaliana naye, basi hata michoro ile huwezi tena kuiita uhuni wa vijana. Ni gharama ya biashara, kama bango la duka.

Silaha ya kwanza ya ushindani haikuwa rangi, ilikuwa mdomo. Makanga aliyening'inia mlangoni na wapigadebe wa steji ndio waliokuwa idara ya mauzo. Gari likiwa na abiria watatu, walitangaza kwamba imebaki nafasi ya mmoja. Baadaye ukaja muziki. Kabla ya vituo vya FM vya kibinafsi kuingia hewani katikati ya miaka ya 1990, kanda iliyopigwa ndani ya matatu iliweza kumfikisha msanii mchanga kwa vijana ambao redio ya taifa haikuwafikiria. Msanii alitangazika, na gari nalo likapata sababu ya kuchaguliwa.

Rangi ilikamilisha kazi. Sura za Tupac na Bob Marley, nembo za timu za mpira za Uingereza, majina ya wanamuziki wa Marekani yaliyoandikwa kwa herufi zilizopinda hata msomaji mzuri akatatizika. Wengi hudhani mwenye gari ndiye aliyetaka haya. Hesabu ya kazi inaonyesha vingine. Dereva na makanga hutakiwa kumpelekea tajiri kiasi maalumu kila jioni. Kinachozidi, baada ya mafuta na mengine yasiyoandikwa kwenye risiti, ni chao. Gari likijaa haraka wanapata mzunguko mmoja zaidi kabla ya usiku. Kwa hiyo aliyebembeleza lipakwe upya mara nyingi ni yule anayelala nalo njiani. Mbugua wa Mungai, aliyeandika Nairobi's Matatu Men, anakwenda mbali zaidi na kuliona gari kama jukwaa la vijana wa mjini kujitambulisha mbele ya dola na mbele ya wazee wao. Sitambishia, ila naona shilingi ilikuwapo kabla ya jukwaa.

Tusiipake sukari historia hii. Kelele zilikuwa za kutoa masikio damu, wanawake walidhalilishwa, watu 18 walibanwa ndani ya gari dogo, na mwendo ulikuwa wa kuzimu. Wananchi walipomchagua Mwai Kibaki Desemba 2002, wengi walitaka matatu zitiwe adabu. Kazi hiyo ikamwangukia John Michuki, Waziri wa Uchukuzi.

Michuki hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alikuwa amepita kwenye utawala wa wilaya, ukatibu mkuu wa Wizara ya Fedha na uenyekiti wa Benki ya Biashara ya Kenya. Oktoba 3, 2003 likachapishwa tangazo la kisheria namba 161. Kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Mkanda kwa kila kiti. Abiria 14 tu kwa zile ndogo. Sare kwa dereva na kondakta, picha ya dereva ndani ya gari, cheti cha polisi cha tabia njema. Na ubavuni, mstari wa manjano usiokatika wenye upana wa sentimita 15, pamoja na maelezo ya njia ambayo gari linafanyia kazi. Michoro na muziki wa kishindo havikuwa na mahali tena.

Wenye magari walilalamika, wakaomba muda. Waziri, mwenye umri wa miaka 71 wakati huo, akakataa katakata. Mafundi wa mikanda hawakuwahi kuona biashara kama ile, bei zikaruka, na vidhibiti mwendo vya bandia vikaingia sokoni bila aibu. Februari 1 iliangukia Jumapili. Jumatatu yake magari mengi hayakutoka, na Nairobi ikatembea kwa miguu kwenda kazini. Ajabu ni kwamba abiria wengi, viatu vimejaa vumbi, walikuwa upande wa waziri. Polisi walisema ajali zimepungua miezi ile ya mwanzo. Malalamiko makubwa ya abiria yakawa kwamba mikanda ni michafu na inachora alama kwenye mashati meupe.

Kwenye gereji, wachoraji walikuwa wanapewa kazi ya kuua kazi yao wenyewe. Sura iliyochukua siku nyingi kuchorwa ilipigwa msasa, ikafunikwa kwa rangi moja, juu yake ukapita ule mstari. Kwa jirani zetu mstari wa namna hiyo haukuwa ajabu: teksi za Kampala ni nyeupe zenye mkanda wa visanduku vya buluu, na daladala za Dar es Salaam hutofautishwa kwa rangi za njia. Tofauti ni kwamba Nairobi mstari ulikuja juu ya kitu kilichokuwa tayari kinaleta wateja.

Ndipo kinapokuja kisa ninachopenda wauzaji wa leo wakisome. Ushindani haukufa, ulihama. Ulipozuiwa nje uliingia ndani: vitambaa vya viti, taa za rangi, stika za misemo zinazochekesha foleni nzima ya nyuma, rimu zinazong'aa. Jina likaandikwa dogo kioo cha nyuma, kisha kubwa kidogo, kisha kubwa zaidi kadiri askari wa barabarani alivyozoea kutoona. Mstari wa manjano ulibaki, umebanwa na michoro juu na chini. Huwezi kuwaamuru watu wanaogombea mteja mmoja wafanane, labda uwape pia mteja wa uhakika kila mmoja.

Serikali yenyewe ilisaidia bila kukusudia. Ilipotangaza kwamba kuanzia 2011 haitaki tena kusajili matatu mpya za abiria 14, na kutaka kila gari liwe chini ya sako, yaani chama cha ushirika, magari makubwa ya abiria 33 yakashika njia. Ubao wa kuchorea ukawa mara mbili. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akawatetea wachoraji hadharani, akisema hiyo ni ajira ya vijana. Novemba 2018 waziri Fred Matiang'i akazirudisha sheria za Michuki kwa kishindo, watu wakatembea tena kwa siku kadhaa, kisha mambo yakarejea yalivyokuwa. Leo nganya mpya, yaani matatu iliyorembwa, ya njia ya Rongai hugharimu mamilioni ya shilingi, ina skrini kila upande, na huzinduliwa mjini kwa msafara na video mitandaoni kama albamu ya msanii.

Michuki alifariki Februari 21, 2012. Bustani karibu na mzunguko wa Globe, ukingoni mwa Mto Nairobi alioupigania alipokuwa Waziri wa Mazingira, ina jina lake, na anastahili. Waliochora hawana hata kibao. Kazi zao hupigwa msasa kila mwenye gari anapotaka sura mpya, na bodi likichoka huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kampuni zinazolipa washauri ghali kuwafundisha "kujitofautisha sokoni" zina darasa la bure linalopita nje ya madirisha yao, na picha nyingi za darasa hilo zimebaki kwenye simu za mashabiki.

Makumbusho ya Taifa yanunue nganya moja inayostaafu, nzima, na rangi yake na spika zake, pamoja na orodha ya mafundi walioitengeneza. Na wenye magari, kabla ya kuita fundi wa msasa, wapige picha ubavu wote na waandike jina la mchoraji.