Baraza Lisilopigiwa Kura Masisi na Walikale

Tarehe 20 Desemba 2023, mpigakura wa Goma, mji mkuu wa jimbo la Kivu Kaskazini nchini Kongo, alisimama mbele ya mashine akachagua mara nne: rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo na diwani wa komuni. Mpigakura wa eneo la Walikale, jimboni humo humo, alichagua mara tatu. Jirani yake wa Masisi hakuchagua kitu. Vita vya waasi wa M23 vilikuwa vimezuia hata uandikishaji, na Masisi ikaachwa nje ya uchaguzi pamoja na Rutshuru, na Kwamouth iliyoko jimbo la Mai-Ndombe.

Habari hiyo iliandikwa sana. Ile kura ya nne ndiyo iliyopita kimyakimya. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kongo kuchagua madiwani chini ya Katiba ya 2006, na ilipigwa katika miji mikuu ya majimbo peke yake. Kwa Kivu Kaskazini nzima zilikuwa komuni mbili tu, Goma na Karisimbi. Ukishaondoka mjini, serikali iliyo karibu na mwananchi ni usultani au sekta. Masisi ina usultani wa Bahunde na wa Bashali, na sekta za Katoyi na Osso. Walikale, iliyo kubwa kuliko Masisi karibu mara tano, ina sekta mbili tu: Bakano na Wanianga. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inataka kila moja iwe na baraza lililochaguliwa na wananchi, na kwenye sekta baraza hilo ndilo limpate mkuu wa sekta kwa kura. Tume ya uchaguzi, CENI, iliwahi kupanga kura hiyo ifanyike Oktoba 2015. Oktoba ikaja, ikaenda. Mpaka mashine za 2023 zinawashwa, hakuna baraza hata moja kati ya hayo sita lililokuwa limechaguliwa. Wakuu wa sekta wanateuliwa na serikali, na sultani hurithi kiti chake kwa mila.

Mkenya anayemlalamikia mwakilishi wa wadi yake, au Mtanzania anayejua nyumba ya diwani wa kata yake, huenda asielewe mara moja uzito wa jambo hili. Serikali ya Kinshasa husema pesa hazitoshi, na kweli uchaguzi wa nchi kubwa hivyo hugharimu. Lakini pesa zilipatikana mara nne kwa ajili ya kumchagua rais. Kwa Masisi na Walikale kuna sababu nzito zaidi, nayo ni ardhi. Anayekaa kwenye baraza la chini ana sauti juu ya nani alime wapi na nani atoze nini, na kwenye milima hiyo watu wamezikana kwa swali hilo.

Mwaka 1937 Wabelgiji walianzisha mpango wa kuhamisha familia kutoka Rwanda na kuzipeleka Masisi, kwa sababu mashamba ya walowezi yalihitaji vibarua. Hadi mpango unafungwa mwaka 1955, watu wapatao 85,000 walikuwa wamehamishwa. Waliundiwa hata usultani wao wa Gishari, ndani ya ardhi ya Wahunde, wenyeji wa Masisi, kisha mwaka 1957 serikali hiyo hiyo ya kikoloni ikauvunja. Watu wakabaki bila mtawala waliyemhesabu kuwa wao, chini ya sultani ambaye hakuwahesabu kuwa wake. Ndipo ikaja sheria ya uchaguzi ya Machi 1960, iliyowaruhusu kupiga kura wale waliotoka Ruanda-Urundi wakakaa Kongo miaka 10. Hesabu ya Masisi ikageuka: wahamiaji na watoto wao sasa wangeweza kuwashinda wenyeji kwenye sanduku. Haikupita miaka mitano tangu uhuru kabla ya Masisi kuingia katika mapigano yanayokumbukwa kama vita vya Kanyarwanda.

Kuanzia hapo, kila kura ilitanguliwa na swali la nani ni raia. Mwaka 1972 Rais Mobutu alitia saini sheria iliyowapa uraia wahamiaji hao waliofika Kivu kabla ya 1950. Mwaka 1981 sheria nyingine ikaifuta. Aprili 1990 alipotangaza vyama vingi, watu wa Kivu hawakuuliza kwanza chama gani kitashinda. Waliuliza nani ataandikwa. Serikali ikaanza kuwahesabu raia mwaka 1991, na kazi hiyo ikachochea kile ilichotakiwa kukitatua. Machi 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakapanda hadi Masisi. Waliouawa walihesabiwa kwa maelfu, waliokimbia makwao kwa malaki. Na uchaguzi huo ulioogopwa kiasi hicho haukufanyika kabisa mpaka Mobutu alipoondoka madarakani.

Jambo moja kutoka kipindi kilichofuata linastahili sifa. Mwaka 1998 wazee wa makabila ya Kivu Kaskazini waliunda chombo cha usuluhishi walichokiita Barza. Humo walikaa Wahunde, Wahutu, Watutsi, Wanande, Watembo, Wakumu na Wakusu, pamoja na Wakano na Wanyanga wa Walikale. Hawakuchaguliwa na mtu, na siasa za Goma ziliwavunja kabla ya uchaguzi wa 2006. Ila kwa miaka michache walikuwa wamefanya kazi ambayo baraza la kura lingepaswa kufanya: kukaa pamoja na kugombana kwa maneno.

Mwaka 2006 watu walipiga kura hatimaye. Katika viti 42 vya baraza la jimbo, hakuna Mtutsi hata mmoja aliyeshinda, na wenye bunduki hawakukosa hoja. Mwaka 2011 CENI yenyewe iliiomba mahakama ifute matokeo ya ubunge ya Masisi pamoja na maeneo mengine sita. Mwaka 2018 zikaja taarifa za wapiganaji waliowaelekeza wanavijiji wa Masisi nani wa kumpigia. Walikale nayo, ile kura yake ya tatu ya 2023 ilikuwa ya kuwapeleka wawakilishi kwenye baraza la jimbo lililosimamishwa tangu Mei 2021, jimbo lilipowekwa chini ya gavana mwanajeshi.

Wakati huo huo pesa zimeanza kushuka ngazi za chini. Sheria ya madini ya 2018 inaipa serikali ya mahali mgodi ulipo asilimia 15 ya mrabaha. Walikale kuna Bisie, mgodi mkubwa wa bati, kwa hiyo hizo si senti za kununulia chaki. Sheria ilipoandika mgawo huo, ilidhani kuna baraza litakalopitisha bajeti na kumuuliza mkuu wa sekta zimetumikaje. Kwa hali ilivyo, anayezipokea ameteuliwa kutoka juu, na wa kumuuliza kwa haki ya kisheria hayupo.

Kwa aliyebaki kijijini Masisi, pigo linaloumiza kila siku ni dogo zaidi kwa umbo. Nchini Kongo kadi ya mpigakura ndiyo kitambulisho cha watu wengi. Ndiyo anayoonyesha barabarani kwenye kizuizi na anapokwenda kuchukua pesa. Aliyekosa uandikishaji wa 2023 ama anabaki na kadi ya zamani iliyochakaa, ama, akiwa kijana, hana kabisa. Kwenye kizuizi, kijana asiye na karatasi ni mtu wa kushukiwa na kila upande.

M23 waliingia Masisi kati mwanzoni mwa Januari 2025, na mwezi Machi wakashika Walikale kati kwa takriban wiki mbili kabla ya kuondoka. Kokote walikokaa waliweka viongozi wao, nao pia bila kura. Uchaguzi mkuu ujao unatakiwa kufanyika Desemba 2028. Uandikishaji usipofika Masisi kabla ya hapo, kijana aliyezaliwa huko mwaka 2001 na asiyehama atafikisha miaka 27 bila kupiga kura hata moja, si ya rais, si ya diwani.