Laina ya Tatu

Pesa nilizokuwa nimeweka za kurudi kampasi nilizinunulia pikapu. Nasema hivyo mapema ili usije ukanihurumia huko mbele.

Binamu yangu alinipigia simu kutoka Njabini. Kuna mzee anaacha biashara ya viazi, anauza Pijo yake 504, bei ni 165,000 na haongei sana. Mimi nilikuwa na 190,000 kwa Sacco, akiba ya miaka mitatu ya kuandikia watu makala ambazo hazina jina langu. Yeye atoe shamba, mimi nitoe gari, tubebe viazi vya Kinangop hadi Nairobi bila kupitia kwa broka. Hesabu yake ilikuwa safi. Hesabu za binamu huwa safi siku zote.

Nilipofika nilikuta gari ambalo zamani lilikuwa jeupe. Mlango wa kushoto ulitoka kwa Pijo nyingine, ya samawati. Ukiinua kapeti ya dereva unaona nyasi. Mita ya kilomita ilisoma 38,000 na kitu, na mzee hakujaribu kunidanganya: imeshazunguka ikarudi sufuri mara kadhaa, akasema, halafu waya ya spidi ikakatika wakati Kibaki bado ni rais. Kwa hivyo umri wa hiyo gari haujulikani tena kwa kilomita. Unajulikana kwa viraka.

Sasa, kwa nini mtu wa miaka 26 anunue Pijo wakati kila mtu anakuambia Probox? Nilijiuliza hivyo hivyo, na katika kujitetea ndiyo nikaanza kusoma historia yake. Kumbe nilikuwa nimenunua kitu kikubwa kuliko nilivyodhani.

Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka wa 1968, na pikapu ikafuata mwaka wa 1979. Wafaransa waliacha kuunda saluni yake mwaka wa 1983. Sisi hapa tuliendelea na 504 hadi mwaka wa 2004. Yaani kuna Mkenya aliyetoka shule ya msingi na Pijo mpya kabisa bado zinatoka kiwandani Mombasa, miongo miwili baada ya wenyewe kuhamia mambo mengine.

Kiwanda hicho ni Associated Vehicle Assemblers, kilichoanzishwa mwaka wa 1975. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 serikali ilitaka magari yaunganishwe nchini, ikaingia na hisa zake: Leyland ikakaa Thika, General Motors ikakaa Nairobi, na AVA ikakaa Mombasa karibu na bandari. Gari lilifika likiwa vipande ndani ya makreti, likachomelewa na kupakwa rangi hapa. Vitu kama betri na springi za nyuma vilianza kutengenezwa na viwanda vya hapa hapa. Siwezi kusema ilikuwa gari la Kenya. Lakini pia siwezi kusema ilikuwa gari la Ufaransa tu.

Jina zuri Peugeot ilikuwa nalo tayari, na ilikuwa imelipata kwa matope. Katika Safari Rally ya mwaka wa 1963, magari 84 yaliondoka na 7 tu ndiyo yaliyomaliza. La kwanza lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Ikashinda tena mwaka wa 1966, 1967 na 1968. Kisha 504 yenyewe ikachukua 1975 na 1978. Mkulima hakuhitaji tangazo lingine. Aliona gari likitoka kwenye matope yale yale ya shamba lake, akaanza kuweka pesa. Halafu kuna zile stesheni wagoni zilizobeba abiria kwenda Nakuru na Kisumu. Uliza mzazi wako alivyokalishwa kiti cha nyuma kabisa, magoti kidevuni.

Lakini ushindi wa Safari hauelezi kwa nini yangu bado ilikuwa hai. Gari la mashindano lina timu ya mafundi nyuma yake. Pikapu ya viazi ina fundi mmoja chini ya mti.

Wetu yuko Engineer. Ndiyo, mji unaitwa Engineer, uko Nyandarua, na mimi ni mtu aliyeacha uhandisi wa mitambo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo. Cheka tu, mimi nilishacheka. Tulimpelekea Pijo ikiwa inavutwa na trekta, kwa sababu wiki ya pili tu ilichemka mlimani ikachoma gasketi ya hedi. Feni ya Pijo hizi inashikwa na klachi ya sumaku ya umeme, ili izunguke injini ikipata joto na iache ikipoa. Kitu kizuri sana ikifanya kazi. Yetu ilikuwa imekufa, na fundi fulani wa zamani alikuwa ameifunga kwa waya ya seng'enge. Waya ikakatika.

Mzee alifungua hedi, akatazama ndani ya silinda, akaguna. "Hii si gasketi peke yake, kijana. Laina zimeisha."

Hapa ndipo nilipoelewa hiyo gari. Kwa injini nyingi, silinda ikiliwa lazima bloki ipelekwe mashini kutobolewa upya, na mashini iko mjini. Injini ya petroli ya 504 ina laina zinazochomoka. Ni kama vikombe visivyo na tako, vimekaa ndani ya maji. Unachomoa cha zamani, unatia kipya na pistoni yake, na bloki haijaondoka chini ya mti. Mtu aliyeichora Ufaransa labda hakuwa anafikiria Engineer, lakini alichora gari ambalo mtu wa Engineer angeweza kulifufua mara tatu, mara nne.

Mzee hakujifunza hayo darasani. Alianza kama kijana wa kuosha vyuma katika gereji ya Mhindi huko Nakuru. Hiyo pia ni historia ndefu. Mafundi wengi wa Kihindi walikuja kwa sababu ya reli, iliyojengwa kuanzia 1896, wakafungua karakana, na ndani ya karakana hizo Waafrika wakajifunza kwa macho, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyewafundisha kwa mdomo. Baada ya uhuru wakatoka wakafungua zao, juani. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya ambayo ilieneza duniani ile lugha ya sekta isiyo rasmi. Wasomi wakaja, wakahesabu. Sisi tukaiita jua kali, tukaendelea.

Sijui kama umewahi kusikia Nyayo Car. Sisi tuliambiwa mwaka wa kwanza, kama mzaha. Mwaka wa 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama litakuwa na sura mbaya. Mwaka wa 1990 yakazinduliwa, yakiitwa Pioneer, machache ya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hayakuwahi kuingia sokoni. Darasa zima hucheka hapo. Mimi sasa sicheki, kwa sababu walioyaunda walifanya kazi ngumu. Kinachonisumbua ni kwamba miaka hiyo hiyo, mzee wangu alikuwa akifufua Pijo zilizokufa, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyekuja kumuuliza anafanyaje.

Wala usinielewe vibaya, siuzi ile hadithi ya kwamba shule ni bure na hekima iko kijijini. Laina hizi zikikaa, lazima midomo yake isimame juu ya bloki kidogo tu, sehemu chache za mia za milimita, ili hedi ikifungwa iikandamize gasketi vizuri. Chini yake unaweka pete za karatasi za unene tofauti hadi ziwe sawa. Mzee alipitisha ukucha wa kidole gumba kwa kila laina. Ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, sawa. Ya nne, sawa. "Funga."

Nilikuwa na fila geji ndani ya begi, moja niliyonunua mwaka wa pili na ambayo sikuwahi kuitumia. Kampasi tulipiga hesabu za injini miezi mingi bila kufungua hata moja. Nikamwambia, "Mzee, kwa ruhusa yako, nipime tu." Nikaweka rula ya chuma juu, nikaingiza majani ya geji. Tatu kati ya nne, ukucha ulikuwa sahihi kabisa, hadi nikaona aibu. Laina ya tatu ilikuwa chini.

Nilipima mara mbili kabla ya kusema. Binamu yangu akaanza kuangalia simu. Mzee alichukua geji, akaisogeza karibu na uso, kisha mbali, kisha karibu tena. Akanirudishia.

"Nisomee."

Nikamsomea. Ndipo nikajua kwamba hasomi hizo namba ndogo siku hizi. Akachomoa laina ya tatu bila neno, akabadilisha karatasi, akarudisha, akapitisha ukucha. Akaupitisha tena, polepole, kama anaufundisha.

Laina, pistoni, gasketi na feni vilikula 47,000. Sacco haikufika, tukakopa. Wiki hiyo hiyo kampasi ilituma ujumbe wa tarehe ya mwisho ya kujisajili upya, nikausoma nikiwa chini ya gari, nikiwa nimeshika tochi kwa meno.

Tulipakia magunia ishirini ya kilo hamsini, tukatoka Njabini saa tisa usiku. Kilima cha kwanza sikuangalia barabara sana, niliangalia mshale wa joto. Ulipanda hadi katikati, ukakaa hapo. Binamu alikuwa analala. Tulipofika Fly Over nilisimama, nikafungua boneti, nikagusa hosi ya radieta. Ilikuwa na joto la kawaida.

Alhamisi mzee alinipigia. Kuna Pijo nyingine imeletwa, ya mtu wa kabichi. Aliuliza kama Jumamosi nina nafasi, na kama ile geji bado ninayo.