Barua za Manamba: Kilole ya Utoto Wangu

Watu wa visiwani wana bahati moja ambayo huenda wenyewe hawaioni. Akiulizwa mtu wa Makunduchi au wa Wete kwao ni wapi, jibu analo mdomoni kabla swali halijamalizika. Sisi tuliolelewa Kilole katika miaka ya 1970 swali hilo lilitutoa jasho.

Kilole ni kata mojawapo ya mji wa Korogwe, mkoani Tanga. Upande wa kaskazini imesimama milima ya Usambara, nchi ya Wasambaa. Upande wa kusini, ng'ambo ya mto Ruvu, ambao watu wa mwambao huujua zaidi kwa jina la Pangani, imetanda nchi ya Wazigua hadi Handeni na kupindukia. Lakini wengi wa watoto niliocheza nao gololi na kombolela hawakuwa Wasambaa wala Wazigua. Baba zao na babu zao walikuwa Waha, Wangoni, Wamakonde, Wanyamwezi na Warundi. Walikuwa wameletwa na mkonge.

Mmea huo nao ulikuwa mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62 tu. Mwaka huo huo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga kuelekea bara, ikafika Korogwe mwaka 1902. Reli na mkonge vikaoana. Jani la mkonge ni zito na kavu lake ni dogo: katika kila kilo mia za majani hupatikana kilo nne hivi za katani. Kwa hiyo korona, mashine ya kusaga majani hayo, haina budi kuwa karibu na shamba, karibu na maji mengi ya kuoshea, na karibu na njia ya kusafirishia mzigo. Bonde la Ruvu lilikuwa na yote matatu. Lililokosekana ni watu, kwani Mzigua na Msambaa walikuwa na mashamba yao wenyewe, wala hawakuona sababu ya kuchomwa na miiba ya mtu mwingine.

Ndipo wakatafutwa watu wa mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Kijana wa Kasulu au wa Songea aliandikishwa, akapewa namba, akapakiwa kwenye gari. Katika namba hiyo ndimo lilimotoka neno manamba. Alipofika alipewa kipande, kadi yenye siku thelathini za kazi. Kila siku aliyomaliza kiasi chake cha majani ilitiwa alama, na mshahara haukutoka mpaka kadi ijae. Aliyeugua, kadi yake ililala pamoja naye.

Mimi nilizaliwa enzi hiyo ilipokuwa imekwisha kupinda. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha tani zipatazo 230,000 za katani, ikaongoza dunia nzima. Baada ya hapo bei ilianguka, kwani kamba za nailoni zilikuwa zimeingia sokoni. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitwaa sehemu kubwa ya mashamba. Sisi watoto hatukuyajua hayo. Tulichojua ni mlio wa garimoshi uliokuwa saa yetu, harufu kali ya maji ya korona, na nyuzi nyeupe zilizoanikwa juani mistari kwa mistari. Mpira wetu ulikuwa wa singa zilizofungwa kwa kamba ya katani. Mama alisonga bada la makopa kama Msambaa, na siku za njaa tulikula ugali wa yanga, uji wake wa njano tukiucheka huku tukiulamba.

Nyumbani baba na wenzake walizungumza Kiha. Kwa jirani wa kulia kilizungumzwa Kingoni, kwa wa kushoto Kimakonde. Uwanjani sote tulizungumza Kiswahili, wala hatukuwahi kuambiwa na mtu kwamba tukizungumze. Kilikuwa kama kivuli cha mwembe wa katikati: hakina mwenyewe, kila mtu hukaa.

Nilianza shule mwaka 1977, mwaka ambao mpango wa elimu ya msingi kwa watoto wote ulianza nchini. Siku moja mwalimu alitutaka kila mmoja aandike jina lake, kabila lake na kijiji cha asili. Niliandika Kilole. Mwalimu akacheka, akakata kwa kalamu nyekundu, akaniambia nikamwulize baba. Baba alinitajia jina la kijiji ambacho sijawahi kukitia machoni, nikaliandika kwa herufi nzuri, nikapata alama ya vema. Mpaka leo sijui ni jibu lipi lililokuwa kosa.

Kujua kusoma kulinipa kazi. Kampeni ya elimu ya watu wazima ilikuwa imepamba moto tangu 1970, lakini wazee wa kambini, wakirudi shambani mikono imevimba, hawakuwa na haja na kalamu. Walituita sisi watoto. Alasiri za Jumapili nilikaa juu ya debe lililopinduliwa, daftari magotini, nikawaandikia barua za kwao. Mzee alisema kwa Kiha, mimi nikaandika kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiha sikujua kukiandika. Huko Kigoma mtoto mwingine wa shule aliifungua barua ile na kuirudisha katika Kiha mbele ya jamaa. Maneno ya watu wazima yalisafiri nchi nzima mgongoni mwa watoto wawili wasiojuana. Hiyo ndiyo tafsiri ya kwanza niliyofanya maishani, na ujira wake ulikuwa kipande cha muwa.

Alikuwako mzee mmoja jirani yetu, mkata mkonge, aliyefika mwishoni mwa miaka ya 1940 angali kijana. Nilimwita babu naye akiniita mjukuu wangu. Mwaka 1980, nikiwa na miaka kumi, aliniita nimwandikie dada yake. Alisema maneno machache. Lile shamba la migomba analomshikia aligawe kwa wanawe. Yeye harudi; atazikwa huku huku.

Mimi nilikuwa nimezoea kanuni za barua: salamu kwanza, kisha hali njema, kisha matumaini. Maneno yale hayakuwa na mahali pa kukaa katika kanuni hizo. Tena nilimwonea huruma, kana kwamba kuyaandika ndiko kungeyafanya yawe kweli. Nikaandika: nikijaliwa, nitakuja mwakani.

Jibu lilikuja baada ya miezi kadhaa. Dada yake alikuwa amefurahi. Shamba limepaliwa, migomba mipya imepandwa, na watoto wamekatazwa kuligusa mpaka mwenyewe afike. Nilimsomea. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, uliandika nini?"

Nikajibu, "Niliandika ulivyosema, babu."

Hakuuliza tena. Wala hakuniita tena kumwandikia. Alifariki mwaka 1984, akazikwa katika makaburi ya kambi, pembezoni mwa mkonge, chini ya kilima cha udongo kisicho na jina. Sikuandika barua ya kuwaarifu kwao, na sina hakika kama mtu mwingine aliandika. Nimefanya kazi ya kutafsiri kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila ninapokutana na sentensi chungu ninayotamani kuitia sukari, hulikumbuka shamba lile la migomba lililokuwa likipaliwa kwa ajili ya mtu asiyekuja.

Baadaye sana, kwa kujisomea, nilikutana na habari nyingine ya ardhi hiyo hiyo. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliikumba nchi ya Wazigua. Wengi waliondoka katika pwani yetu kwa majahazi, wengine wakidanganywa kwamba wanakwenda kwenye kazi na chakula, wakajikuta watumwa katika nchi ya Somalia. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke mwaguzi, Wanankhucha, aliyewaongoza kutoroka hadi bonde la mto Juba. Huko waliishi zaidi ya karne moja na nusu, wakaendelea kusema Kizigua. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi yao walirudi walikotoka babu zao. Walipewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na wengi wao wamepata uraia wa Tanzania. Waliulizwa kwao ni wapi, wakajibu kwa lugha iliyohifadhiwa vinywani vizazi hata vizazi.

Nililinganisha. Wazigua wa Juba walichukuliwa bila kalamu, wakaihifadhi asili yao. Manamba wa Korogwe walikuwa na posta, reli na watoto wenye madaftari, nasi tukaipoteza yao katika kizazi kimoja. Sisemi hivyo kwa kulaumu tu. Watu wa Juba walishikamana na lugha yao kwa kuwa waliowazunguka waliwabagua. Sisi tulipewa lugha iliyotupokea. Mtoto wa Muha na mtoto wa Mmakonde walioana, wakazaa watoto wasio na lugha nyingine ila hii, na miongoni mwao wamo wanaotunga mashairi leo. Tunamtaja Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, na ni haki tumtaje. Lakini mkoa ule ule ulikuwa na maelfu ya watu waliojifunza Kiswahili wakiwa na panga mkononi, wakakirithisha kwa wana wao bila ya kujua kwamba wanarithisha kitu. Hao nao ni katika waliokijenga.

Faida hiyo ilikuwa na bei, nayo ililipwa na wazee. Walikufa wakisema na watoto ambao hawakuwaelewa sawasawa.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 katani ya Tanzania ilikuwa imeshuka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya ile ya 1964. Treni za abiria nazo zilikoma, na Kilole ikaishi bila ya saa yake mpaka mwaka 2019, treni ya Dar es Salaam na Moshi iliporejeshwa. Niliposhuka Korogwe mara ya mwisho, niliyatafuta makaburi ya kambi. Mkonge mpya ulikuwa umepandwa, mistari imenyooka vizuri, na sikuweza kutambua kaburi liko wapi na shamba linaanzia wapi. Kijana aliyekuwa akipita na baiskeli alinisalimu kwa adabu, "Shikamoo mzee. Kwenu wapi?" Nikamjibu, "Kilole," na safari hii hakuna aliyeikata kwa kalamu nyekundu.

Ninaandika haya kwa wasomaji wa mwambao na visiwa, wanaojua thamani ya waraka wa zamani. Vipande vya manamba vingali katika masanduku ya wajukuu wao, Tanga, Muheza, Korogwe na hata Unguja. Ni karatasi chakavu zenye namba na alama za siku. Mwenye kipande cha babu yake asikitupe. Na kama mzee mwenyewe angali hai, amketishe, amwulize kwao, na aandike maneno yake kama alivyoyasema.