Mzimu Si Roho, Ni Mahali

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wangu kosa. Kila nilipoandika ubaoni Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960, nilieleza kuwa mzimu ni roho ya mfu. Huku kwetu Moshi, kama sehemu nyingi za bara, ndivyo tulivyozoea: mizimu ni wazee waliokwisha kufa, hukasirika, huombwa radhi. Basi darasa zima likasubiri roho itokee. Haikutokea, nao wakaona mwandishi amewahadaa.

Kumbe Unguja, alikozaliwa Abdulla mwaka 1918 katika kijiji cha Makunduchi, mzimu ni mahali. Huenda pakawa pango au mti mkubwa, watu wakapeleka ubani na kuweka nadhiri zao. Jina la kitabu, kwa hiyo, halimtaji muuaji. Linataja mahali ilipokutwa maiti ya Bwana Ali, tajiri mwenye mashamba. Na mahali panapoogopwa humfaa sana muuaji, kwani ni nani atakayethubutu kwenda kupekuapekua?

Ucheshi wa riwaya umekaa papo hapo. Najum ni mwepesi wa kukata shauri. Inspekta Seif ana sheria mkononi. Bwana Msa ana kiko. Huwaacha wenzake wajenge hoja ndefu, kisha huuliza kijiswali kimoja na jengo lote likaporomoka. Kiko hicho, sina shaka, kimeazimwa kwa Sherlock Holmes, lakini malumbano ni ya barazani Unguja.

Riwaya hii ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957/58, na husifiwa kwa kufungua njia ya hadithi za upelelezi katika Kiswahili. Mimi naithamini zaidi kwa kuwa mila za kale humo si pambo, ni ushahidi: asiyezijua hawezi kumkamata mtu.

Ningerudi darasani leo, kamusi ningeiacha mezani. Ningewauliza vijana wa hapa Pasua, ambao wengi wao wana kihamba cha babu huko mlimani: ni wapi kihambani mlikatazwa kuchezea? Wangepajua mara moja, penye masale na makaburi ya wazee. Haya, ningewaambia, leo alfajiri pamekutwa maiti hapo. Nani kaiweka?