Jiwe la Mlima: Mwili au Vazi?

Shirimatunda ni kata mojawapo ya Manispaa ya Moshi, chini ya mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Huko, kama kwingineko Uchagani, jiwe la volkano limezoeleka tangu kale kuwa jiwe la msingi: kazi yake kubeba, mahali pake ardhini. Siku hizi jiwe hilohilo limepanda ukutani. Limepasuliwa likawa bapa, likabandikwa juu ya tofali za saruji, na mpita njia hudhani nyumba nzima ni ya mawe. Mabadiliko hayo yanaonekana kuwa ya urembo tu, lakini nyuma yake iko historia ndefu.

Nyumba ya asili ya Mchagga haikuwa na ukuta wa jiwe. Ilikuwa msonge wa miti na fito, ulioezekwa kwa nyasi au majani makavu ya migomba, watu na mifugo wakilala chini ya paa moja. Si kwamba jiwe lilikosekana. Mlima wenyewe ni jiwe lililomiminika kutoka vilele vitatu, Shira, Mawenzi na Kibo. Jiwe lilitengewa kazi nyingine, nayo ni ulinzi. Mangi Sina wa Kibosho alijizungushia boma la kuta za mawe, na ndilo lililoshambuliwa na majeshi ya Wajerumani chini ya Hermann von Wissmann mwaka 1891. Raia alilala ndani ya majani. Utawala ulijikinga kwa jiwe.

Kisha ikaja misheni. Wakatoliki walikita Kilema na Kibosho, Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893, na pamoja nao ukaja uashi wa pembe nne na timazi. Reli kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, mji mpya ukakua kando ya stesheni, nayo kahawa ikawapa wakulima fedha ya bati na saruji. Chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, kiliundwa mwaka 1933. Baada ya uhuru, kiwanda cha saruji cha Wazo kilianza kazi mwaka 1966, na cha Tanga mwaka 1980. Tofali la saruji likawa mwili wa nyumba, na jiwe likabaki bila kazi ila msingini. Ndipo lilipogeuzwa vazi.

Visiwani mambo yalikwenda kinyume. Mji Mkongwe wa Unguja umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, lakini jiwe halionekani: limefunikwa kwa lipu ya chokaa. Mwashi wa pwani alijua kwamba tumbawe hunywa maji, na kwamba chokaa huliacha lipumue. Pale ambapo lipu ya saruji imewekwa badala ya chokaa, unyevu hufungiwa ndani na ukuta huoza kimyakimya. Kwa hiyo Unguja huficha jiwe chini ya lipu, na Moshi huficha tofali chini ya jiwe. Wote wawili huulizwa swali moja: je, kinachofunika kinalinda, au kinaziba macho?

Swali hili si la Waswahili peke yao. Piramidi Kuu ya Giza ilivikwa mawe meupe ya chokaa yaliyosuguliwa. Karne zilizofuata mengi yalivuliwa, yakajengea Kairo. Vazi lilikwenda, mwili ukabaki, kwa kuwa mwili ulikuwa imara kabla ya kuvikwa.

Huo ndio mtihani wa nyumba ya Shirimatunda. Jiwe la volkano ni zito: bapa lenye unene wa sentimita 3 hukaribia kilo 80 kwa kila mita moja ya mraba. Ukuta wa mita 10 kwa 3 hubebeshwa takriban tani mbili na nusu, zote zikishikwa na saruji iliyo nyuma yake. Ndiyo maana fundi mwangalifu huosha vumbi la jiwe, huukwaruza ukuta ukwaruzike, huulowesha, huanzia chini kwenda juu, wala hasahau njia ya maji ya mvua. Fundi wa haraka huruka hatua hizo, na siku ya kwanza kazi zao hufanana. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Aibu haimo katika vazi. Mchagga aliyetawanyika Dar es Salaam, Nairobi na ng'ambo hujenga kwao, penye kihamba na makaburi ya wazee, nyumba ambayo pengine hufunguliwa Krismasi tu. Akiivika jiwe la mlima wake, anadai kwamba bado ni wa pale. Dai hilo lastahili ukuta unaoweza kulibeba. Kulijua ni kazi ndogo: gonga jiwe kwa mpini wa nyundo. Likilia zito, limeshikana na ukuta. Likilia kama mtungi mtupu, limekwisha kuachana nao, ingawa bado halijaanguka.