Bawaba Haikuwa Goti

Mnamo mwaka 1890, mjini Berlin, daktari Themistocles Gluck alimpasua mgonjwa ambaye goti lake lilikuwa limeliwa na kifua kikuu, akatia mahali pake bawaba iliyochongwa kwa pembe ya ndovu. Katika miaka hiyo pembe zilikuwa zikimiminika Ulaya kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki, aghalabu kwa ajili ya vinanda na mipira ya biliadi. Gluck alizitafutia kazi yenye heshima zaidi. Lakini maradhi yalirudi, usaha ukaingia, na jaribio hilo likaachwa.

Fikra ya bawaba haikufa. Ilifufuka nchini Sweden mwaka 1951 kwa mikono ya Börje Walldius, aliyeanza na akriliki na baadaye akatumia madini ya kobalti na kromi. Watu waliolemazwa na baridi yabisi walisimama tena. Furaha hiyo, hata hivyo, haikudumu, kwa maana goti halifunguki na kufungwa kama mlango tu. Likikunjwa, mfupa wa paja huviringika na kuteleza juu ya mfupa wa muundi, tena huzunguka kidogo. Bawaba haikuruhusu mzunguko huo. Nguvu yote ikaangukia pale chuma kiliposhikana na mfupa, hata kikalegea. Aliyelipa ni mgonjwa, ambaye alirudi kupasuliwa akiwa na mfupa haba kuliko ule wa mwanzo.

Aliyeiacha njia hiyo ni Mkanada Frank Gunston, mwaka 1968, katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, alikofanya kazi na John Charnley. Yeye aliweka chuma kiteleze juu ya plastiki, kila kipande kikishikizwa kwa saruji ya mifupa, na kano za mgonjwa mwenyewe zikaachiwa kazi ya kulishika goti.

Hapo ndipo ulipozuka ubishi ambao haujesha hadi leo: kano mbili zipishanazo ndani ya goti, je, zibakizwe au zikatwe? Freeman na Swanson wa London walizikata. Huko New York, mwaka 1974, Insall, Ranawat na Walker walianza kutumia goti lililoitwa Total Condylar, nalo likazikata zote mbili. Liligeuka kuwa goti la kudumu, ila halikukunjika vya kutosha, na muundi uliweza kuponyoka kwenda nyuma. Mwaka 1978 Insall na mhandisi Burstein waliongeza kigingi cha plastiki kifanye kazi ya kano ya nyuma. Wapinzani wao waliuliza sababu ya kukata kano iliyo nzima kisha kuitengenezea badala. Huko Oxford, Goodfellow na O'Connor walikuwa wamekwisha kuleta plastiki inayotembea pamoja na kiungo, ili isilike upesi.

Kila upande ulikuwa na hoja tamu, na wenye viwanda walizijua kuziuza. Hesabu ndiyo iliyowapunguzia sauti. Tangu mwaka 1975 Sweden imekuwa ikiandika katika daftari la taifa goti gani limetiwa na lini limetolewa. Nchini Uingereza, uchunguzi ulioanza mwaka 1999 uliwagawa wagonjwa zaidi ya 2,300 kwa kura. Plastiki inayotembea haikuonyesha faida ya wazi juu ya ile isiyotembea. Mwaka 2019, kutokana na madaftari ya namna hiyo, ilikadiriwa kwamba magoti kamili 82 katika kila 100 hudumu miaka 25.

Kwa nchi ambayo mgonjwa huuza ng'ombe au shamba ili atibiwe, habari hiyo ina uzito wake. Goti jipya la bei ghali si lazima lipite la zamani lililokwisha kupimwa, na asiyeandika hatajua lipi lilimwangusha mtu wake. Malawi ilifungua daftari lake la viungo bandia mwaka 2005, wakati wagonjwa wake wa upasuaji huo walikuwa wangali wachache mno.