Hesabu isiyouliza unadhani uko wapi: besi za Gröbner na mpima ardhi Mkenya

Wasomaji wangu, leo tuziache kidogo habari za simu na programu, tuingie kwenye historia ya hesabu. Msikimbie! Sehemu kubwa ni algebra ya sekondari, na mmoja wa watu walioipa kazi ya kufanya nje ya darasa ni Mkenya.

Tuanzie hapa Voi. Kusini yetu kuna kilima cha Sagalla, na mbele zaidi mlima Kasigau. Tuseme umesimama porini mahali usipopajua, na chombo chako kinakuambia kwamba uko vipimo 5 kutoka Sagalla na vipimo 5 kutoka Kasigau, na kwamba vilele hivyo vimeachana vipimo 6. (Namba nimezichagua ili ziwe nyepesi.) Sagalla tuipe sifuri, x ielekee Kasigau, y iende pembeni. Unapata milinganyo miwili:

x² + y² = 25
(x − 6)² + y² = 25

Kwa miaka mingi wapima ardhi wameitatua milinganyo ya aina hii kwa kukisia. Unaipa kompyuta mahali unapodhani upo, inasahihisha kidogo, inasahihisha tena, mpaka namba zitulie. Ukikisia upande wa Mwatate, jibu litatulia upande wa Mwatate. Ukikisia upande wa Maungu, litatulia huko. Na ukikisia kwamba uko juu ya mstari wenyewe unaounganisha vilele, yaani y = 0, hesabu inataka kugawanya kwa sifuri na inakwama hapo hapo. Kumbe ili ujue ulipo, inakubidi uwe umeshajua takriban ulipo!

Na huku kwetu kosa la mpaka si jambo la kuchekea. Taita Taveta ni nchi ya vito. Campbell Bridges, mwanajiolojia aliyeitambulisha tsavoriti kwa ulimwengu, aliuawa karibu na Voi Agosti 2009 wakati wa mgogoro mrefu juu ya migodi. Sisemi algoriti ingemwokoa, ugomvi ule haukuwa wa hesabu. Nasema tu kwamba bikoni ikisimama pasipo pake, wapo watakaoigombania.

Sasa twende Austria. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Innsbruck, kijana Bruno Buchberger alimaliza tasnifu yake ya uzamivu chini ya profesa Wolfgang Gröbner. Swali alilopewa lilihusu ideali, yaani mkusanyiko wa polinomia zote unazoweza kupata kutoka kwa zile ulizo nazo, kwa kuzizidisha na polinomia nyingine na kuzijumlisha. Mkusanyiko huo hauna mwisho. Je, kuna orodha fupi inayouwakilisha wote na inayorahisisha kazi?

Jibu la Buchberger linapendeza kwa urahisi wake. Chukua polinomia mbili. Zizidishe ili vichwa vyake, yaani vijisehemu vya mbele, vilingane, kisha toa moja kutoka kwa nyingine ili vichwa vife. Kinachobaki kigawanye kwa zile ulizo nazo. Baki lisipokuwa sifuri, liongeze kwenye orodha. Endelea hivyo hadi kila jozi itoe sifuri. Alithibitisha kwamba kazi hiyo lazima iishe, na akaiandikia programu kwenye kompyuta ya Zuse Z23.

Jaribu kwa milinganyo yetu. Toa wa pili kutoka kwa wa kwanza: 12x − 36 = 0, kwa hiyo x = 3. Ingiza kwenye wa kwanza: y² − 16 = 0. Orodha mpya ni x − 3 na y² − 16, na hiyo ndiyo besi ya Gröbner. Majibu yote mawili yako wazi, y = 4 na y = −4, Maungu na Mwatate, na hakuna aliyekuuliza unadhani uko wapi. Kuchagua kati ya hayo mawili unatazama tu jua lilipochomoza.

Mjapani Heisuke Hironaka alikuwa na wazo linalofanana mwaka 1964, ila bila njia ya kulikokotoa. Jina la Gröbner lilitolewa na Buchberger mwenyewe mwaka 1976, kumheshimu mwalimu wake.

Mkenya niliyemtaja ni Joseph Awange. Alisomea upimaji Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akaenda Stuttgart, Ujerumani, akafanya kazi na profesa Erik Grafarend. Tasnifu yake ya 2002 ilizipeleka besi za Gröbner moja kwa moja kwenye GPS na upimaji. Tatizo la msingi la GPS lina setilaiti 4 na visivyojulikana 4: x, y, z na kosa la saa ya kipokezi. Milinganyo yote ni ya kipeo cha pili. Pia alishughulikia tatizo la zamani la kutafuta ulipo kwa kulenga alama zinazojulikana kwa theodolaiti. Mwaka 2005 yeye na Grafarend walitoa kitabu kizima juu ya njia hizi.

Kinachonivutia kama mtu wa programu ni mpangilio wa kazi. Besi unaikokotoa mara moja, kwa herufi, ukiwa ofisini. Unapata fomula. Porini unaingiza vipimo tu.

Uchungu upo lakini. Mwaka 1982 Ernst Mayr na Albert Meyer walionyesha kwamba kuna matatizo ya ideali ambayo mahitaji yake ya kumbukumbu hukua kwa kasi ya kutisha. Ongeza herufi chache na mashine yako inazidiwa. Algoriti ya F4 ya Jean-Charles Faugère (1999) ilisaidia sana, ila ukuta haukuondoka. Kazi ya Awange iliwezekana kwa sababu jiodesia ina herufi chache na vipeo vidogo.

Mwenye Python asakinishe SymPy, kisha aite groebner na kuipa milinganyo yetu miwili. Jibu linarudi kabla hujaondoa kidole kwenye kibodi.